Kansere ya mapafu: kidonge kipya ao shimio? Mbele ya kuchagua, kuko kipimo

Tangu miaka zaidi ya 20, wanganga wanapimanisha vidonge vipya na shimio kwa wagonjwa wenye kansere ya mapafu yenye imekwisha kusambaa. Matokeo haiko "kipya kinashinda cha zamani". Ni jambo lingine, na linagusa mufuko wa kila familia.

Familia mingi za kwetu zinajua mambo haya. Baba anakohoa tangu miezi. Walimupatia dawa ya kifua kikuu, akameza mupaka mwisho, kikohozi hakikuisha. Kisha skanere ikaonyesha uvimbe ndani ya pafu, na munganga akatamka neno lenye hakuna mutu alitaka kusikia: kansere. Sasa watoto wamekutana kwa yaya wao mukubwa. Moja anasema: tuuzishe kiwanja, tumutume India. Mwingine anasema kuko mutu mwenye anasafiri, anaweza kurudia na vidonge "vya kisasa", vile vyenye haviangushe nywele. Wa tatu anauliza: na ile shimio yenye munganga alisema, tunaiacha?

Wote watatu wanamupenda baba yao. Lakini swali la maana kuliko yote halijaulizwa: kansere ya baba ni ya namna gani? Bila jibu la swali hilo, kidonge cha bei kali kinaweza kumupotezea mugonjwa miezi yenye shimio ingemupatia. Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Jambo hili lilipimwa, na hesabu zake zilichapwa katika majarida makubwa ya kinganga. Tuzifungue pole pole.

Shimio inapiga wote, kidonge kinatafuta adui moja

Kansere ya mapafu njo kansere yenye inaua watu wengi zaidi katika dunia. Kwa mwaka wa 2022 peke yake, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) na wataalamu wake walihesabu karibu wagonjwa wapya milioni 2,5 na vifo karibu milioni 1,8. Sababu moja ni kwamba ugonjwa unajificha. Wakati mutu anafika kwa munganga, mara mingi kansere imekwisha kutoka katika pafu na kufika katika mifupa, ini ao ubongo. Pale kupasua hakutoshi tena. Inabakia dawa yenye inazunguka katika mwili muzima.

Kwa miaka mingi, dawa hiyo ilikuwa kemoterapi, ile wote tunaita shimio. Wanaiingiza katika mushipa kwa serumu, na inapiga chembe zote za mwili zenye zinazaana haraka. Kansere inazaana haraka, basi inapigwa. Lakini mizizi ya nywele pia inazaana haraka, na ngozi ya ndani ya tumbo, na mafuta ya mifupa yenye inatengeneza damu. Kwa sababu hiyo mugonjwa anapoteza nywele, anatapika, na damu yake inakuwa zaifu.

Dawa mupya, yenye Wafaransa wanaita "thérapie ciblée", inafanya kazi kwa njia ingine. Katika kansere fulani, kuko jeni moja yenye iliharibika na sasa inaiambia chembe bila kuchoka: zaana, zaana. Ni sawa vile kifungo cha taa chenye kimekwama kwenye kuwasha. Kidonge kinaenda kuzima kifungo hicho. Vifungo hivyo viko na majina: EGFR, ALK, KRAS na vingine. Kila kifungo na kidonge chake.

Pale njo kuko siri yote. Kama kansere ya mugonjwa inaongozwa na kifungo EGFR, kidonge cha EGFR kinaweza kufanya kazi ya ajabu. Kama haiongozwe nacho, kidonge kinaenda kuzima taa katika nyumba yenye haina umeme.

Kura, juu ya kuzuia kujidanganya

Namna gani kujua kama dawa mupya inapita ya zamani? Haitoshe munganga aseme: "Nilimupatia mugonjwa wangu, akapata nguvu." Pengine alikuwa na nguvu tangu mwanzo. Pengine wagonjwa wenye hali mubaya walikufa mbele hata ya kupata dawa, na hakuna mwenye kuwahesabu.

Kwa hiyo wanapiga kura. Wagonjwa mia kazaa wanakubali kuingia katika jaribio, na kompyuta inawagawanya bila kuangalia uso wa mutu: hawa watameza kidonge, hawa watapata shimio. Munganga hachague, mugonjwa hachague, kampuni ya dawa haichague. Kisha wanahesabu: nani kansere yake ilipunguka, nani ilirudia kukomea, nani alikufa na kisha miezi ngapi.

Mutu anaweza kuuliza juu ya nini wasipimanishe kidonge na kutomupa mugonjwa kitu chochote. Ni kwa sababu shimio, hata na ubaya wake wote, inaongeza maisha. Kama kuko dawa yenye inasaidia, haiko haki kuinyima mugonjwa kwa sababu ya kupima. Kidonge kipya kinapaswa kushindana na dawa bora yenye iko tayari.

Dawa moja yenye ilipanda, ikaanguka, ikarudi

Hadisi ya gefitinib, yenye kampuni AstraZeneca inauzisha kwa jina la Iressa, inafundisha kuliko mahubiri mengi. Japani iliiruhusu mwaka wa 2002, Marekani mwaka wa 2003. Ilipewa ruhusa haraka kwa sababu wagonjwa wamoja, kisha shimio kushindwa, walimeza kidonge hicho na uvimbe wao ukapunguka kwa siku kidogo tu. Wanganga hawakujua juu ya nini hao wanapona kidogo na wengine hapana.

Kisha mambo mawili yakafika katika mwaka moja, 2004. Katika mwezi wa nne, watafiti wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa wenye walisaidiwa walikuwa na jeni ya EGFR yenye iliharibika kwa namna fulani. Katika mwezi wa kumi na mbili, matokeo ya jaribio kubwa lenye liliitwa ISEL yakatangazwa. Wagonjwa 1 692 wa inchi mbalimbali, wenye walikuwa wamekwisha kupata shimio, waligawanywa: wamoja gefitinib, wengine kidonge cha bure chenye hakina dawa. Wa gefitinib waliishi katikati miezi 5,6, wa kidonge cha bure miezi 5,1. Tofauti ndogo vile haikuweza kuhesabiwa kuwa ushindi. Mwaka wa 2005 Marekani ikafunga mulango: hakuna mugonjwa mupya kuanza dawa hiyo, isipokuwa wale wenye ilikuwa tayari inasaidia.

Na kule Japani, wagonjwa wamoja wenye walimeza kidonge hicho walipata kuvimba kwa mapafu, na wamoja walikufa nako. Kidonge chenye hakiangushe nywele haiko kidonge chenye hakina hatari.

Mutu angesema hadisi imeisha. Lakini ndani ya hesabu za ISEL kulikuwa alama: watu wa Asia na watu wenye hawakuvuta tumbako walionekana kusaidiwa kuliko wengine. Sasa swali likageuka. Badala ya kuuliza "Je, dawa hii ni muzuri?", wakauliza "Ni muzuri kwa nani?"

Asia, 2009: mistari miwili yenye ilikatana

Jaribio lenye lilijibu linaitwa IPASS. Liliongozwa na Profesa Tony Mok wa Hong Kong, na matokeo yake yalitoka mwaka wa 2009. Walichukua wagonjwa 1 217 wa inchi za Asia, wenye kansere ya namna ya adenokarsinoma, wenye hawakuvuta tumbako ao walivuta kidogo na kuacha. Hawakuwa wamepata shimio bado. Nusu wakapata gefitinib, nusu shimio ya dawa mbili, carboplatin na paclitaxel.

Kisha mwaka moja, katika kundi la gefitinib watu karibu 25 kwa 100 walikuwa wangali bila ugonjwa kuendelea. Katika kundi la shimio, karibu 7 kwa 100. Ushindi? Ungesoma paka hapo, ungekimbia kununua vidonge. Lakini mustari wa gefitinib na mustari wa shimio kwenye karatasi ulifanya kitu cha kushangaza: ilikatana. Katika miezi ya kwanza, shimio ilikuwa juu. Kisha miezi karibu sita, gefitinib ikapita. Wakati mistari inakatana vile, inamaanisha ndani ya kundi moja kuko watu wa namna mbili.

Na ilikuwa vile. Kwa wagonjwa 437, labo ilipata kipande cha nyama cha kutosha kupima EGFR. Wagonjwa 261 walikuwa na jeni yenye iliharibika, 176 hawakuwa nayo. Sasa angalia:

Kwa wale wenye walikuwa na EGFR yenye iliharibika, kansere ilipunguka kwa watu 71 kwa 100 na gefitinib, na kwa watu 47 kwa 100 na shimio. Ugonjwa ulikaa bila kuendelea kwa miezi 9,5 na kidonge, miezi 6,3 na shimio.

Kwa wale wenye hawakuwa nayo, 91 walipata gefitinib. Unajua kansere ilipunguka kwa wangapi? Kwa mutu moja. Katika wale 85 wenye walipata shimio, ilipunguka kwa 20. Ugonjwa ulisimama miezi 1,5 tu na kidonge, miezi 5,5 na shimio.

Tusome tena. Dawa moja, kipimo moja cha dawa, hospitali zile zile. Kwa kundi moja ni musaada mukubwa. Kwa kundi lingine, ni kuacha kansere iendelee wakati familia inafikiri baba anatunzwa.

Tena kuko jambo lenye wengi wanapita bila kuona. Wagonjwa wa IPASS walichaguliwa kwa kuangalia: watu wa Asia, hawavute, adenokarsinoma. Munganga yeyote angesema hao njo watu wa EGFR. Lakini wenye walipimwa, watu karibu 4 kwa 10 hawakuwa na jeni hiyo. Basi mutu mwenye anasema "baba yetu hakuvuta tumbako hata siku moja, kidonge kitamufaa" anabahatisha, na jaribio hili limeonyesha bei ya kubahatisha.

Waitalia walienda kupima jambo hilo waziwazi. Katika jaribio TAILOR, lenye lilitoka mwaka wa 2013, walichukua wagonjwa wenye walihakikishwa hawana EGFR yenye iliharibika, na shimio ya kwanza ilikuwa imeshindwa kwao. Wamoja wakapata erlotinib, ndugu ya gefitinib, wengine shimio ya docetaxel. Wa docetaxel waliishi katikati miezi 8,2. Wa erlotinib, miezi 5,4. Karibu miezi mitatu ya maisha. Kwa mugonjwa wa hali hiyo, miezi mitatu ni kuona mutoto akioa.

Tunahesabu nini: ugonjwa kusimama, ao mutu kuishi?

Kuko mutego mwingine katika matangazo ya dawa. Wanasema "dawa inaongeza muda bila ugonjwa kuendelea". Hilo haliko sawa na kusema "mutu anaishi zaidi". Katika IPASS yenyewe, wakati walihesabu maisha yote mupaka kifo, makundi mawili yalikuwa karibu sawa: miezi 18,8 na 17,4.

Namna gani? Kwa sababu wakati shimio ilishindwa, wagonjwa wengi wa kundi hilo walivuka na wakapata vidonge vya namna hiyo. Ilikuwa haki yao. Lakini kisha hapo hauwezi tena kujua kila dawa peke yake ingefanya nini. Tuliona vile tena na crizotinib, kidonge cha watu wenye kifungo ALK. Jaribio la mwaka wa 2013 na wagonjwa 347 lilionyesha ugonjwa kusimama miezi 7,7 na crizotinib, miezi 3 tu na shimio. Lakini muda wa kuishi haukuonyesha tofauti, kwa sababu wengi wa shimio walivuka.

Kwa hiyo tusizarau hesabu ya ugonjwa kusimama. Miezi yenye mutu anapumua bila shida, anakula, anatembea kwenda kanisani ao sokoni, ni maisha. Lakini tunapaswa kujua ni nini tunanunua.

Wakati matumaini yenyewe yanaharibu hesabu

Mufano wa karibu ni sotorasib, ya kampuni Amgen. Inapiga KRAS, kifungo chenye wataalamu walisema kwa miaka mingi kwamba hakuna dawa itakifikia. Marekani iliiruhusu mwaka wa 2021, ruhusa ya haraka, kwa sharti: kampuni ionyeshe kisha pale kwamba inapita shimio.

Jaribio lilifanywa, na wagonjwa 345: sotorasib kwa upande moja, docetaxel kwa upande mwingine. Ugonjwa ulisimama miezi 5,6 na kidonge, miezi 4,5 na shimio. Kansere ilipunguka kwa watu 28 kwa 100, dhidi ya 13. Kwa maisha yenyewe, hakuna tofauti: miezi 10,6 kwa kidonge, 11,3 kwa shimio.

Mwezi moja na kidogo, njo ushindi wote. Lakini hata mwezi huo uliletewa mashaka, kwa sababu ya jambo la kibinadamu. Kila mugonjwa alijua anapata nini. Hauwezi kuficha serumu na kidonge. Kwa wagonjwa 174 wenye kura iliwapeleka kwenye shimio, 23 hawakuianza hata kidogo. Kwa wale 171 wa kidonge, wawili tu njo hawakuanza. Watu waliingia katika jaribio wakitafuta dawa mupya. Wakati kura iliwanyima, walitoka. Na wakati wengi wanatoka upande moja, mizani inainama.

Katika mwezi wa kumi 2023, kamati ya washauri wa FDA, ofisi ya serikali ya Marekani yenye inaruhusu dawa, ilipiga kura: 10 kwa 2 walisema hesabu hiyo ya ugonjwa kusimama haiwezi kutegemewa. Katika mwezi wa kumi na mbili, FDA ikakataa kutoa ruhusa kamili na ikaomba jaribio lingine. Dawa haikufukuzwa sokoni. Ilibakia na ruhusa yake ya sharti. Tunajifunza nini? Kwamba hata inchi tajiri zaidi inaweza kuambia kampuni kubwa: "Kipya hakitoshe. Onyesha." Kama wao wako na haki ya kuuliza, sisi wenye kuuzisha kiwanja tuko nayo mara mbili.

Leo swali limegeuka: kidonge pamoja na shimio

Wakati wengi wangali wanabishana kidonge ao shimio, wataalamu wamekwisha kwenda mbele. Vidonge vya kwanza vya EGFR viko na zaifu moja: kisha karibu mwaka moja, kansere inapata njia ya kuviepuka. Osimertinib ilitengenezwa juu ya ile njia. Mwaka wa 2017, jaribio la wagonjwa 419 wenye kansere yao iliepuka kidonge cha kwanza kwa njia hiyo lilionyesha ugonjwa kusimama miezi 10,1 na osimertinib, miezi 4,4 na shimio. Hapo kidonge kilishinda wazi, kwa sababu kila mugonjwa alikuwa amepimwa.

Kisha wakauliza: na kama tunaunganisha? Jaribio FLAURA2 lilichukua wagonjwa 557 wenye EGFR yenye iliharibika. Wamoja walipata osimertinib peke yake, wengine osimertinib na shimio pamoja. Ugonjwa ulisimama miezi 16,7 kwa wa kwanza, miezi 25,5 kwa wa pili. Katika mwezi wa tisa 2025 hesabu ya maisha ikatangazwa: miezi 37,6 na kidonge peke yake, miezi 47,5 na vyote viwili.

Bei ya mwili iko: watu 64 kwa 100 wenye walipata vyote viwili walipata mateso makali ya dawa, dhidi ya 27 kwa 100. Mutu muzee ao zaifu anaweza kuchagua kidonge peke yake, na haki iko kwake. Lakini tuone vile shimio, yenye watu wanazungumuzia sawa vile ni dawa ya zamani ya wamaskini, imerudi kuketi pembeni ya kidonge cha bei kali.

Na sisi hapa?

Tusijidanganye: majaribio haya hayakufanywa na damu yetu. IPASS ilikuwa ya Asia peke yake, na katika majaribio makubwa ya kansere, watu wa Afrika wako kidogo sana. Katika adenokarsinoma ya Asia ya mashariki, karibu nusu ya wagonjwa wako na EGFR yenye iliharibika. Kwa Wazungu ni kati ya 10 na 15 kwa 100. Hauwezi kuchukua hesabu ya Asia na kuibandika juu ya mutu wa Kalemie ao Bukavu. Ni sababu moja zaidi ya kupima kila mutu.

Kwetu shida ya kwanza inaanza mbele hata ya dawa. Congo iko katika orodha ya OMS ya inchi zenye kifua kikuu kinalemea sana. Basi kila kikohozi cha muda mrefu, kila damu katika makohozi, inafikiriwa kifua kikuu, na mara mingi ni kweli. Lakini mutu mwenye makohozi yake hayaonyeshe mikrobi, mwenye amemeza dawa na hapate nafuu, anapaswa kutafutiwa jambo lingine haraka. Miezi yenye inapotea pale, hakuna kidonge kitairudisha.

Shida ya pili ni kipande cha nyama. Biopsi inaogopesha watu. Wanasema "wakigusa kansere na sindano, itakasirika". Lakini bila biopsi, hakuna mwenye atajua ni kansere gani, wala kifungo gani. Na kipande hicho, kikiwekwa muzuri katika parafini, kinaweza kusafiri. Mugonjwa mwenyewe anaweza kubakia nyumbani wakati kipande chake kinatumwa kwa labo ya inchi ingine yenye inapima jeni. Kuko pia kipimo cha damu chenye kinaweza kupata alama ya EGFR. Kama kimeipata, ni jibu. Kama hakikuipata, mulango haujafungwa, wanarudia nyama.

Jambo moja la kutia moyo: mwaka wa 2019 OMS ilitia erlotinib katika orodha yake ya dawa za lazima, na ikasema gefitinib na afatinib zinaweza kuchukua nafasi yake. Lakini ilitia kwa sharti: ni za wagonjwa wenye kansere yao iko na EGFR yenye iliharibika. Kuko sasa na vidonge vya namna hiyo vyenye vinatengenezwa India na makampuni mengine, bei yao chini ya ile ya mwanzo. Hiyo njo inafanya viingie katika masanduku ya wasafiri. Bei kushuka ni jambo la kufurahia. Kidonge kuingia bila kipimo, hapana. Serikali yenye inataka dawa za lazima inapaswa kutaka pia labo za lazima. Moja bila ingine ni pesa yenye inamwangwa.

Basi turudie kwa ile familia yenye iliketi kwa yaya mukubwa. Mbele ya kuuzisha kitu chochote, waende kwa munganga na karatasi na kalamu, na wamuulize: Munganga, biopsi ilifanyika, na jibu liko wapi? Jina la kansere ni gani? Jeni ilipimwa, EGFR na ALK? Kama haijapimwa, kipande kinaweza kutumwa wapi, kwa pesa ngapi, na jibu linarudi kisha siku ngapi? Wakati tunangojea, baba anaweza kuanza shimio ao anaweza kungojea? Na kama hakuna kifungo, shimio gani inafaa nguvu zake? Munganga muzuri hatakasirika kwa maswali hayo.

Kama jibu linasema EGFR iko, watafute kidonge na moyo moja, hata kule India. Kama linasema haiko, yule mwenye anasafiri abakie na nafasi katika sanduku yake, na baba aende kuketi kwenye kiti cha shimio bila kuona kwamba watoto walimunyima kitu. Lakini pesa ya kwanza kutoka katika mufuko wa familia iende kwa kipimo. Kiwanja kinaweza kungojea wiki mbili.